Mbale na Jinja: Mtaro mpana peke yake hauzuii mafuriko

Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake mjini Mbale. Zaidi ya watu 20 walifariki, nyumba na mashamba yakasombwa, na mabomba ya maji safi yakakatika. Mvua ilinyesha juu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, lakini waliopigwa zaidi ni walioishi chini. Jambo hili linahusu kila mji unaokua haraka, na makazi ya wakimbizi vilevile.

Tufanye hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mabati la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 25, humwaga lita 1,000. Nyumba 10,000 za namna hiyo humwaga lita milioni 10. Ardhi hiyo ilipokuwa shamba au kichaka, ilikunywa sehemu ya maji na kuyaachia polepole.

Kuanzia 2013, Mbale na Jinja zilikuwa katika mpango wa serikali wa USMID, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao ulijenga barabara na mitaro mijini. Mwaka 2018 mpango huo uliongezwa hadi wilaya zinazopokea wakimbizi, kama Kiryandongo, Isingiro na Yumbe. Mitaro inahitajika. Lakini kazi yake ni kuondoa maji haraka, na maji yanayoondoka haraka kwako humfikia haraka jirani wa chini.

Kinachokosekana ni mahali pa kuyashikilia maji kwa saa chache: bonde lililochimbwa, lenye tundu dogo la kutolea maji, ambalo siku za jua huwa uwanja wa mpira au malisho. Lita milioni 10 zinaenea katika eneo la uwanja mmoja wa mpira lenye kina cha mita 1 na nusu.

Mabonde hayo lazima yapangwe kwa mto mzima. Kila mtaa ukichimba la kwake bila kuwasiliana, maji yaliyocheleweshwa huku yanaweza kutoka saa ileile maji ya kule yanapofika, na mafuriko yakazidi. Mbale ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, lakini mto haujui mpaka wa jiji. Hutoka mlimani na kushuka hadi kinamasi cha Namatala, ambako watu wa Mbale, Budaka na Butaleja hulima mpunga.

Jinja ina tatizo la pili, nalo ni ziwa. Mei 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiwango cha 1964. Ziwa likijaa, midomo ya mitaro huzama na maji ya mjini hukosa pa kwenda. Kwa hiyo ni lazima yashikiliwe juu, kabla hayajafika ufukweni.

Ugumu uko kwenye ardhi. Eneo linaloachwa wazi leo, kesho hukatwa viwanja. Likija kutakiwa baadaye, wanaoondolewa kwanza ni wapangaji na wakulima wadogo. Kiryandongo inajua uchungu wa kuhamishwa: karibu na wakimbizi wanaishi manusura wa maporomoko ya Bududa ya Machi 2010. Kutenga nafasi mapema ni nafuu kuliko kuhamisha watu baada ya maafa.

Basi ukiletwa mradi wa mitaro kwenye mkutano wa mtaa au wa makazi, wenyeji na wakimbizi waulize pamoja: Maji haya yataishia kwa nani? Yatashikiliwa wapi njiani? Na anayelima au kuishi hapo atalipwa nini, kabla tingatinga halijafika?