Sanamu Wamepewa, Karatasi Je?

Ukipita stesheni ya treni ya Waterloo, London, utakutana na baba, mama na mtoto wa shaba nyeusi. Wameshikana mikono, wamevaa nguo zao za kutokea, wamesimama juu ya rundo la masanduku. Huo ni mnara wa Windrush, kazi ya mchongaji wa Jamaika, Basil Watson, uliozinduliwa Juni 22, 2022. Unawakumbuka watu wa Karibi waliohamia Uingereza baada ya meli ya Empire Windrush kutia nanga Tilbury mwaka 1948.

Mimi nawapa heko walioamua iwe familia. Miji mikubwa imejaa majenerali na wafalme juu ya farasi. Hawa wa Waterloo hawana upanga wala taji, wana mizigo tu. Na kweli mhamiaji hasafiri peke yake, hata akipanda meli peke yake. Sandukuni mwake mna matumaini ya ukoo mzima.

Lakini shaba isitupumbaze. Serikali iliyotoa pauni milioni 1 kwa ajili ya mnara huo ndiyo ambayo wizara yake ya mambo ya ndani iliharibu kadi za kuwasili za watu hao hao mwaka 2010. Mwaka 2018 kashfa ikalipuka: wazee waliokuja kihalali wakiwa watoto walikuwa wakidaiwa uthibitisho wa kuwepo kwao. Wapo waliopoteza kazi, walionyimwa matibabu, hata waliorudishwa visiwa walivyoviacha utotoni. Mpango wa fidia ulianza 2019, na wapo waliofariki kabla ya kulipwa. Sisi tulioondoka kwetu bila kupenda tunalijua hilo: kinachompa mgeni usingizi ni karatasi, si sanamu.

Na nyumbani je? Sanamu ya Askari imesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, lakini aliye juu ni askari na bunduki yake. Wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu, wameachiwa jina la mtaa na soko: Kariakoo. Wake zao, waliobaki wakilima na kungoja, hawakuachiwa hata hilo.

Najua wapo wasiopenda sanamu, wengine kwa sababu za dini, nami nawaheshimu. Basi na kichimbwe kisima, au majina yaandikwe ukutani. La msingi ni kwamba familia ikumbukwe, na haki yake ilipwe wenyewe wakiwa hai. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Serikali yoyote, ya huku au ya nyumbani, ikitaka kutuchonga na itupe kwanza vyeti vyetu.