MGENI AMEKUJA, MWENYEJI HAJAPONA



Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni amekuja, naye amejengewa mahoteli pwani ya kaskazini na mashariki ya Unguja. Twauliza: mwenyeji amepona nini, ikiwa mama zetu wangali na ndoo kichwani?

Twaambiwa maji ni haba kwa kuwa watu wamezidi. Hatukubali. Yaliyopo yamegawanywa kwa dhulma. Mwaka 2012 jumuiya ya Uingereza iliyoitwa Tourism Concern ilitangaza uchunguzi wake wa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Nyumba ya mwenyeji ilitumia, kwa wastani, lita 93.2 kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Sisi wenye maduka tumezoea mizani, na hesabu hii haitaki mwalimu: chumba kimoja kwa nyumba 34! Tena huko Kiwengwa mabomba ya hoteli yaliwekewa walinzi. Adui aliyeogopwa ni nani? Ni mwenye kijiji.

Na tuijue ardhi yetu. Kisiwa hiki hakina mto mkubwa wala ziwa. Tunywayo ni mvua ya masika na vuli iliyozama ndani ya jiwe la matumbawe, ikakaa juu ya maji ya bahari. Pampu ikivuta kupita kiasi, bahari hupanda, na kisima kilichokuwa kitamu hugeuka chumvi. Hapo tajiri hununua maji ya gari. Maskini hubaki na chumvi yake. Jiwe hilo lina matundu kama chujio: likiwekwa jaa au shimo la choo karibu, uchafu huteremka hadi kisimani. Kipindupindu kilichotuzikia watu mwaka 1978, na tena 2015 na 2016, ni maradhi ya maji machafu, wala hakibishi hodi katika vyumba vya nyota tano.

Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Sisi wenye maduka tulitii, na amri ilikuwa ya haki. Lakini sheria iliyomwona muuza unga na mfuko wake, mbona haikuziona chupa tupu za mahoteli zikimwagwa nyuma ya vijiji?

Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliyaleta maji ya chemchem mpaka mjini kwa mabomba, wala hakuwa na pampu ya umeme. Leo wenye umeme watupe udhuru wao!

Chuoni tulifundishwa kuwa watu ni washirika katika maji, na mwenye ziada hana ruhusa kumzuilia mwenye kiu. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilikiri haki ya maji tarehe 28 Julai 2010. Dini imesema, na dunia imesema. Aliyenyamaza ni nani?

Watasema twawachukia wageni na twataka vijana wakose kazi. Uwongo mtupu. Mgeni kwetu ni mtukufu. Ugomvi wetu ni na yule ampimiaye mgeni kwa pipa na mwenyeji kwa kibaba.

Kwa hivyo twadai:

1. Kila kisima cha hoteli kitiwe mita, na hesabu yake itangazwe katika shehia kila mwezi.
2. Bomba la kijiji lijazwe kabla ya bwawa la kuogelea.
3. Hoteli isafishe majitaka yake kabla hayajaingia ardhini au baharini.
4. Mwenye kuzalisha taka alipe gharama ya kuziondoa.

Nanyi wanachama, msingoje. Kila tawi liandike visima vyake: vingapi vitamu, vingapi vimeingia chumvi, na tangu lini. Karatasi hizo zifike ofisini kwetu, tuziweke mbele ya wakubwa. Manung'uniko ya barazani hupotea na upepo. Hesabu iliyoandikwa hudai jawabu.