Tangazo la Picha Halimfikii Asiyeona

Ndugu zangu wa Kitangari, Newala na Masasi, sisi ni watu wa ibada. Ijumaa misikiti inajaa, Jumapili makanisa yanafurika. Sina haja basi ya kuthibitisha kwamba asiyeona ni mja wa Mungu kama mimi na wewe. Mwislamu anaijua sura ya Abasa na kisa cha Ibn Umm Maktum, kipofu aliyefuata elimu. Mkristo anajua kuwa Mambo ya Walawi, sura ya 19, inakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Iweje kikwazo hicho tukiweke kila siku ndani ya simu?

Tabia yenyewe ni hii: tangazo linachapwa kwenye kompyuta, linatolewa kwenye karatasi, linagongwa mhuri, kisha linapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Mgawo wa salfa ya mikorosho, picha. Mnada wa korosho, picha. Mkutano wa kijiji, picha! Simu nyingi siku hizi zina programu ya kusoma maandishi kwa sauti, na wasioona wanaitumia kwa ustadi kuliko sisi tunavyoyatumia macho yetu. Lakini ikikutana na karatasi iliyopigwa picha, mara nyingi programu hiyo hutamka "picha" ikanyamaza. Mkulima mwenye mikorosho yake, anayekatwa makato kama wewe, anabaki kumsubiri mjukuu atoke shule amsomee bei ya korosho zake mwenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mtaniambia mhuri ndio uthibitisho. Haya, tumeni mhuri wenu; lakini chini yake bandikeni maneno yale yale mliyokwisha kuyachapa. Kazi hiyo haidai bajeti wala semina yenye posho. Kiziwi naye mnamrushia video ya hotuba isiyo na maandishi wala mkalimani wa lugha ya alama, kisha mnauliza mbona hakuja kwenye chanjo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, tunayo tangu 2010. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaofungua njia ya vitabu kugeuzwa nukta nundu au sauti bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, nchi yetu imejiunga nao. Hata vyombo vipo. Programu ya NVDA, inayosoma kompyuta kwa sauti, ilianzishwa mwaka 2006 huko Australia na Michael Curran, akaungana na mwenzake James Teh. Wote wawili hawaoni, na programu yenyewe hutolewa bure. Wasioona wameunda programu nzima. Sisi wenye macho mistari mitatu inatushinda! Haya hatuna?

Walimu, hasa ninyi mliopikwa hapa Chuo cha Ualimu Kitangari, ndio tegemeo letu, na hakuna kijiji kisichowasikiliza. Wazoesheni vijana kueleza kwa maneno kilichomo katika kila picha wanayoituma. Hujafa hujaumbika, mtoto wa jicho hachagui mwenyekiti wala katibu.

Na nikiwa papo hapo, hizi kadi za michango ya harusi! Maandishi ya dhahabu juu ya maua mekundu, namba ya mweka hazina imejificha chini ya shada. Asiyeona hapati kitu, na mwenye macho anakodoa bure. Mnataka elfu hamsini? Iandikeni kwa maneno, tuwanyime tukiwa tumeelewa.