Tofali la kuchoma halimzuii mbu

Mkulima wa Ifakara akiuza mpunga kwa bei nzuri, hesabu yake ya kwanza ni bati, ya pili ni tofali za kuchoma. Akishapaua, majirani humpongeza: sasa una nyumba bora. Viongozi nao hawasemi tofauti. Wakitaka kutuonyesha maendeleo ya makazi, hutuhesabia kuta na mapaa. Imani hii inatumalizia fedha na afya.

Ingia kwenye nyumba hiyo usiku. Kati ya ukuta na kenchi pameachwa upenyo, dari hakuna, dirisha lina nondo bila wavu. Anopheles funestus, mbu anayeongoza kueneza malaria katika Bonde la Kilombero, hana haja ya mlango. Hufuata harufu ya watu na kupita palepale juu ya ukuta, uwe wa tope au wa tofali. Joto ndilo linalomaliza kazi: bati lililopigwa jua kutwa, bila dari chini yake, huwakalisha watu barazani hadi usiku mwingi, na wakirudi kulala chandarua hakivumiliki. Tumenunua bati ili tung'atwe nje!

Wala si kwamba hatuna wa kutuambia. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi, imewachunguza mbu hawa kwa miongo mingi. Na huko Gambia, jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilionyesha kuwa dari ya wavu peke yake hupunguza mbu wanaoingia ndani kwa karibu nusu. Dari ya wavu ni kazi ya seremala yeyote wa mtaani, na ujira wake unabaki mtaani.

Nitaambiwa kwamba tofali la kuchoma ni la lazima kwa sababu udongo huyeyuka mto ukifurika. Ni kweli, tofali bichi lililokaa chini halina utetezi. Lakini maji hushindwa na msingi ulioinuliwa, na msingi ndio tunaoubania ili fedha ifike kwenye bati. Juu ya msingi wa maana zinakaa vizuri tofali za kufungamana: udongo, saruji kidogo, mashine ya kushindilia. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) ulizihimiza kwa miaka mingi, na hazihitaji tanuru. Tanuru linakula magogo, wakati tangu 2011 hata kuokota kuni ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ni marufuku. Anayeumia ni mama anayetafuta kuni za kupikia ugali.

Halmashauri ya Mji wa Ifakara isisubiri mwekezaji aje na ramani za nyumba za "bei nafuu" ambazo mkulima hawezi kuzikopea. Ianze na nyumba za walimu na wauguzi. Zabuni itaje msingi, wavu na dari kabla ya kutaja rangi, na kazi wapewe mafundi wa Kibaoni, Lipangalala na Viwanja Sitini.