Goti Lililovimba

Wengi mwatuuliza mbona hatufiki kwenu. Tulianguka na baiskeli katika mteremko wa kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, tukaumia goti la kuume. Siku ya nne maumivu yakapungua, nasi kwa haraka yetu tukapanda tena kuwaendea watu wa kando ya ziwa. Jioni goti lilikuwa kama boga. Tulifanya hivyo mara tatu, na sasa ni juma la saba!

Mganga wa hospitali alitueleza kwamba maji hujaa ndani ya goti maadamu lasumbuliwa, wala hayaondoki kwa kuchuliwa kwa nguvu. Akatuagiza tuuinue mguu juu ya mto, tuweke kitambaa cha maji baridi, tukaze na kulegeza paja pasipo kukunja goti. Baiskeli baadaye. Kisha akacheka kiti chetu, maana kilikuwa chini mno: kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini kabisa, mguu na unyoke. Bali goti likiwa jekundu na la moto, pamoja na homa, msingoje hata kesho.

Watoto wa kando ya ziwa wanafundishwa sasa na mama mmoja wa huko, na twasikia wanashika upesi kuliko walivyoshika kwetu.