Mikopo ya Viwanja Ivuke Maji

Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitoa shilingi bilioni 50, mkopo usio na riba, ili halmashauri zipange, zipime na kumilikisha ardhi. Halmashauri hupima viwanja, huviuza, kisha hurejesha fedha ili na wengine wakopeshwe. Jambo hilo ni jema, nasi tunaliunga mkono.

Lakini lina kasoro ambayo mtu akikaa hapa Mukendo haioni upesi. Mkopo unaolipwa kwa mauzo ya viwanja huwafuata wanunuzi, na wanunuzi wako mjini na kandokando ya barabara kuu. Ndugu zetu wa Rukuba hawanunui viwanja. Wanakaa juu ya ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, na haki yao ni hakimiliki ya kimila. Huko halmashauri haina cha kuuza. Basi mpima haendi.

Wakati huo maji hayangoji. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita viwango vyote vilivyopata kuandikwa hadi hapo, na mwaka 2024 likapanda tena. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mvuvi anaambiwa aondoke. Haonyeshwi pa kwenda, maana huko juu hakuna kiwanja kilichopimwa wala njia iliyoachwa. Huko ni kumhangaisha mwananchi, na sheria haikutungwa kwa ajili hiyo.

Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973, ilikusudiwa kumfaa mwanakijiji pia. Hata hivyo mwenye mshahara ndiye aliyeufikia mlango wake kwa wepesi, na mwaka 1995 ikafungwa.

Tunashauri fungu la mkopo litengwe kwa vijiji vya visiwani, lirejeshwe kutokana na ushuru wa samaki na dagaa ambao halmashauri huukusanya mialoni. Nauli ya boti ya mpima ihesabiwe tangu mwanzo, isije ikawa udhuru baadaye. Na halmashauri zinazochelewesha marejesho zikumbushwe kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu deni na kuliandika.

Nanyi wa visiwani, mkutano mkuu wa kijiji ukae sasa, upitishe mpango wa matumizi ya ardhi na kutaja sehemu ya juu itakayojengwa, ili mpima atakaposhuka botini akute kazi imekwisha kuanza.