Kahawa ya Kivu: bei ilipanda duniani, mkulima anabaki na nini?

Mwezi wa pili 2025, bei ya kahawa arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa libra moja, ni kusema karibu dola 9 kwa kilo. Mwezi ule ule Bukavu iliingia mikononi mwa M23, wiki chache nyuma ya Goma. Benki zikafunga, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu pia. Bei nzuri ilitukuta mlango umefungwa.

Tuelewe namna biashara hii inatembea. Kwa kahawa ya hali ya juu, matunda yanachumwa mekundu tu, yanafika kwenye kituo cha kuoshea siku ile ile, yanamenywa, yanaoshwa, yanaanikwa juu ya meza. Kilo 6 hivi za matunda zinatoa kilo 1 tu ya kahawa ya kusafirisha. Kooperative kama SOPACDI ya Minova na Muungano ya Kalehe zilijenga jina la Kivu kwa kazi hiyo.

Lakini kooperative inapaswa kumlipa mama aliyeleta ndoo yake, makuta mkononi, kisha ingoje miezi mpaka mnunuzi wa ng'ambo alipe. Benki ikifungwa, nani atakopesha? Na mama ana watoto wa kusomesha. Anauza kwa mchuuzi anayepita, ao kahawa inavuka Ziwa Kivu usiku ndani ya mtumbwi. Kule inachanganywa na ingine, jina la Kalehe ao Idjwi linapotea, na bei ya ubora inapotea nalo.

Jambo la pili ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023: kahawa isitoke mahali msitu ulikatwa kisha tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lijulikane kwenye ramani. Imeahirishwa mara mbili, sasa inangojewa mwisho wa 2026. Kwa shamba la chini ya hekta 4, alama moja ya GPS inatosha. Hiyo si ngumu, ila mwenye kupima anapaswa kufika kijijini bila kuogopa njia.

Sasa, tung'oe kahawa tupande mihogo? Kung'oa ni kazi ya siku moja; mti mpya unaomba miaka 3 ao 4 mbele ya kuzaa. Familia inaweza kula na kahawa ikabaki: migomba ilete kivuli, maharagwe yakae katikati ya miti michanga, maganda ya matunda yarudi shambani kama mbolea. Mti mzee unakatwa karibu na udongo, unachipuka upya.

Hayo mkulima anayaweza. Usalama wa njia, benki, na kodi za kila kizuizi haviko mikononi mwake. Yeyote anayetoza gunia la kahawa leo ajue kwamba mkulima akichoka, kesho hakutakuwa gunia la kutoza.